Swali la Lugha: Si Kila Kinachoingia Mtamboni ni Mafuta

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni fundi katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Tuna mtambo wa kutengeneza haidrojeni kutokana na gesi ya kupikia, na haidrojeni hiyo ndiyo tunayogandishia mafuta ya mimea. Nimepewa kazi ya kuandika maagizo ya mtambo kwa Kiswahili ili vijana wa zamu ya usiku wayaelewe. Nimeandika: "Fungua mafuta, subiri mtambo upate joto, kisha ongeza mafuta polepole." Mwenzangu anasema badala ya "mafuta" niandike "malisho". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mmekosea nyote wawili, ila kosa lako ndilo kubwa zaidi. La mwenzako litamchekesha kijana wa zamu ya usiku. Lako litamharibia mtambo.

Mafuta ni neno la Kibantu tangu jadi. Waluhya husema amafura, Wakikuyu maguta, na kote huko ni kitu kilekile: kinateleza, kinamiminika, kinatoka kwa mnyama au kwenye mbegu. Limekaa ngeli moja na maji, maziwa, mate na machozi. Petroli na dizeli zilipokuja zilipokewa humo bila taabu kwa kuwa nazo humiminika na huteleza. Mafuta taa vilevile. Hapo sina ugomvi na mtu. Dereva anayesimama kwenye kituo cha petroli Kisumu akasema "tia mafuta ya elfu moja" amesema Kiswahili kamili.

Ugomvi wangu unaanza pale neno hili lilipotolewa kwake likatandazwa juu ya kila kitu kinachowaka, kisha juu ya kila kitu kinachoingia kwenye mashine. Siku hizi makaa ya mawe ni mafuta, gesi ni mafuta, urani ya kinu cha nyuklia ni mafuta, na magari mapya tunaambiwa yanatumia "mafuta ya haidrojeni". Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko gesi zote, na haigeuki kiowevu mpaka ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwandishi anayeiita mafuta amekutana na neno la kigeni lenye maana ya kitu cha kuchomwa ili kitoe nishati, akachukua neno la kwanza lililomjia, asijiulize kama linatosha. Na neno la kazi hiyo tunalo: fueli. Limo kwenye kamusi, wanafunzi wanalijua, na linabeba kuni, makaa, gesi na dizeli bila kulalamika.

Sasa turudi kiwandani kwako, ambako neno mafuta lina hatari ambayo huenda halina mahali pengine. Kuna mafuta ya kweli, yale ya mimea yaliyo kwenye tangi yakisubiri kugandishwa. Kuna gesi inayokwenda kwenye bana, yaani kichomeo, ili mirija ya rifoma, lile tanuri la kugeuzia gesi, ipate moto. Na kuna gesi inayoingia ndani ya mirija hiyo, ikutane na mvuke juu ya kichocheo cha nikeli, kile kinachoharakisha mgeuko bila chenyewe kuliwa, igeuke haidrojeni. Wewe umeviita vitu hivi vitatu kwa jina moja, kisha umemwambia kijana aliye peke yake saa nane za usiku, "Fungua mafuta." Afungue valvu gani?

Hizo gesi mbili zinatoka tangi moja, kwa hiyo naelewa ulivyoteleza. Lakini jina la kitu kiwandani halitokani na tangi kilikotoka. Linatokana na kazi kinayokwenda kufanya. Tazama viwanda vya sukari vya ukanda wetu, Chemelil au Muhoroni. Trekta linaleta miwa. Miwa inakatwakatwa, inakamuliwa, maji yake yanakwenda kupikwa yawe sukari. Hiyo miwa ni malighafi: ndiyo inayogeuka kuwa bidhaa. Yanabaki makapi. Makapi hayo hupelekwa kwenye boila, yakachomwa, yakatoa mvuke wa kuendesha kiwanda. Hapo makapi ni fueli. Muwa ni ule uleule, umetoka shamba moja, umepita mizani moja, ila sehemu yake moja ni malighafi na nyingine ni fueli, na hakuna mfanyakazi wa Muhoroni atakayekuchanganyia hizo mbili. Akitumwa kuongeza fueli hatamwaga miwa mibichi ndani ya boila. Akiambiwa malighafi imepungua hatakimbilia rundo la makapi. Wala hakuna mtu, hata mmoja, anayesema miwa ni mafuta ya sukari.

Mtambo wako unafanana na kiwanda hicho kuliko unavyodhani. Haidrojeni ikishachujwa, inabaki gesi chafu yenye metani, monoksidi ya kaboni na haidrojeni kidogo iliyoponyoka. Mitambo mingi huirudisha gesi hiyo kwenye bana ichomwe. Hayo ndiyo makapi yenu: yaliingia yakiwa malighafi, yanamalizia kazi yakiwa fueli. Ukishayaita yote mafuta, huwezi tena kulieleza jambo hili kwa sentensi moja inayoeleweka.

Angalia pia usafi. Gesi ya kupikia hutiwa dawa yenye harufu kali ili ikivuja mpishi ajue. Dawa hiyo ina salfa, na salfa ni sumu ya nikeli. Gesi inayokwenda kwenye mirija lazima isafishwe kwanza, kwa kawaida kwa kupitishwa katika oksidi ya zinki yenye joto la nyuzi 350 hadi 400, mpaka salfa ibaki chini ya sehemu 0.1 katika milioni. Gesi ya bana haihitaji usafi huo; salfa yake inaungua na kutokea bombani na moshi. Kwa hiyo agizo la "hakikisha mafuta yamesafishwa" halimwelekezi mtu popote. Asipoelewa ni gesi ipi, salfa itapita, kichocheo kitalemaa kuanzia kwenye mdomo wa mirija, mabaka mekundu yataanza kuonekana juu ya chuma, na metani ambayo haijageuka itaongezeka upande wa kutokea.

Halafu umesahau malighafi ya pili, na aliyekusahaulisha ni neno hilohilo mafuta. Mvuke nao ni malighafi. Propani, iliyomo kwenye gesi ya kupikia, ikigeuzwa kikamilifu, katika kila molekuli 10 za haidrojeni zinazotoka, 6 zimetokana na maji. Maji hayo si ya kupozea wala ya kuoshea. Ni zaidi ya nusu ya bidhaa yako! Ndiyo maana mvuke hutangulia gesi kila mara. Gesi ikiingia kwenye mirija yenye moto kabla ya mvuke, au mvuke ukiwa haba, kaboni hujitenga na kuganda juu ya kichocheo kama masizi kwenye sufuria. Mirija inaziba, joto linarundikana mahali pamoja, na chuma kinapasuka. Kikemia, molekuli 2 za mvuke kwa kila atomu ya kaboni zingetosha. Mafundi huweka 3 au zaidi ili wawe salama. Fundi aliyefundishwa neno malighafi atauliza, "Malighafi ni zipi?" na atajibiwa: gesi na mvuke. Aliyefundishwa mafuta hatauliza kitu.

Sasa "malisho" ya mwenzako. Malisho ni nyasi, au mahali ng'ombe wanapochungwa. Mfugaji wa Njoro au Molo akisoma "funga malisho" atafikiria ua. Neno hili limeundwa kwa kutazama neno la kigeni na kulipachika umbo la Kiswahili, bila kuuliza kama kiti kina mwenyewe. Kitenzi chake ndicho ninachokivumilia. Kulisha mtambo, kulisha posho mili mahindi, hilo watu wanasema na linaeleweka. Basi lisha mtambo ukitaka, lakini unaulisha malighafi. "Kutia" na "kuongeza" nayaruhusu pia, mradi kinachotiwa kitajwe kwa jina lake. Malighafi yenyewe ni mali, neno tulilopata kwa Waarabu, ikiwa bado ghafi, haijatengenezwa. Ni neno la watu wa viwanda, halina utata.

Nimalize na wenye mitambo ya kutengeneza haidrojeni kwa umeme, maana najua wataniandikia wakidai kwao maji ndiyo fueli. La. Mtambo unaotenganisha maji kwa umeme hutumia maji kama malighafi, kilo 9 kwa kila kilo ya haidrojeni hata kabla ya kuhesabu yanayopotea katika kuyasafisha. Umeme, kiasi cha kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kilo hiyo, ni nishati, au kawi ukipenda, na si fueli, kwa kuwa hakuna kinachochomwa. Kwenye aina ya mitambo hiyo iitwayo ya alkali, ile potashi kali inayokorogwa ndani ya maji kwa asilimia 25 hadi 30 si malighafi wala si fueli. Inapitisha umeme na kubaki palepale. Na maji kuitwa fueli ni jambo nisilolivumilia hata kidogo, kwa sababu ndipo wanapozaliwa matapeli wanaouza vifaa vya kufanya gari litumie maji. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni jivu lake. Hakuna anayepikia jivu.

Kwa hiyo futa sentensi yako, uandike hivi, na viwango vya joto uvijaze kama alivyoagiza mtengenezaji (naitrojeni ni ile gesi isiyowaka, ya kufukuzia hewa na gesi nyingine mirijani):

"Pitisha naitrojeni kwenye mirija. Washa bana kwa kufungua valvu ya fueli. Joto likifika kiwango cha kwanza, ingiza mvuke. Likifika kiwango cha pili, fungua valvu ya malighafi polepole, mvuke ukiwa unaendelea. Wakati wa kuzima, funga malighafi kwanza. Acha mvuke usafishe mirija, kisha ufunge mvuke na urudishe naitrojeni kabla maji hayajaanza kutona juu ya kichocheo."

Mabomba nayo yaandikwe: FUELI kwa lile la bana, MALIGHAFI – GESI na MALIGHAFI – MVUKE kwa yale mawili ya mirija. Lile linalotoa haidrojeni kwenda kwenye tangi la kugandishia liandike HAIDROJENI tu. Neno MAFUTA lipake kwenye tangi la mafuta ya mimea, na lisionekane mahali pengine popote kwenye mtambo huo.