Fiba ya kahawia kwa gia, inafaa ila angalia ni ya aina gani

Mkuu uliyeuliza kama hiyo "fiba" ya kahawia unaweza kuichonga gia badala ya chuma, inafaa, ila kwanza angalia ukingo wake pale ilipokatwa. Ukiona nyuzi za kitambaa basi ni pamba iliyoloweshwa rezini ya fenoli (gundi ya plastiki inayoganda ngumu), ikapangwa tabaka juu ya tabaka ikashindiliwa kwenye presi ya moto, wengi wanaiita Tufnol japo hilo ni jina la kibiashara tu. Hiyo ndo ya gia, haipigi kelele kama chuma kwa chuma, na mzigo ukizidi meno yake ndo yanakatika kwanza zile gia za bei mbaya zinapona. Hata bushi za pampu (zile pete shafti inamozungukia) inafanya vizuri maana maji yenyewe ndo yanakuwa oili yake, ila inanyonya maji kidogo inavimba so usiibane sana, iachie nafasi.

Kama ni ya karatasi achana nayo, hiyo ni ya kuzuia shoti sehemu kavu. Ile ya kijani kijani ya glasi na epoksi (rezini ya aina nyingine) ndo ya bodi za elektroniki, ina nguvu ila inakula visu balaa na vumbi lake linawasha, vaa barakoa.

Kingine, shimo la shafti litoboe matabaka toka uso mmoja hadi wa pili, ukichonga kwa ubavu meno yanabanduka. Na joto usipitishe nyuzi 120 za Selsiasi hivi.