Yaya anajibu: Kodi ya kaboni itapandisha bunga?

SWALI
Yaya, jambo sana. Mi nauzishaka bunga pa soko ya Kenya, huku Lubumbashi, ile mifuko ya kilo 25 inatokaka Zambia kupitia Kasumbalesa. Siku ya Mungu tulikuwa tunakula, mutoto wa dada yangu mwenye anasoma ekonomi akaanza kusifu kodi ya kaboni, eti kila inchi iiweke, mwenye kuchoma mazutu alipe moshi yake. Kaka yangu ni shofere wa kamio, akaacha bukari akasimama, akasema hiyo kodi anaijua, Zambia banamulipishaka ku mupaka, na Leta ya huku ikiiweka tutakula majani. Bakapiga makelele mpaka jirani akakuja kuchungulia. Mi nauliza tu, bei ya bunga yangu itapanda ao hapana?
Mama Bunga, Lubumbashi

JIBU
Mama Bunga, kaka yako hasemi bongo, lakini anachanganya vitu viwili. Ile ya Zambia iko tangu 2006, inafwata ukubwa wa moteri, utembee kilometa 10 ao 10,000 unalipa sawasawa. Kodi ya kaboni yenyewe inafwata mafuta yenye ulichoma. Lita moja ya mazutu inatoa kama kilo 2.7 za hewa ya kaboni, esansi kama kilo 2.3 (usishangae lita haifiki kilo na moshi inapita kilo mbili, ni juu mafuta ikiungua inakamata oksijeni ya inje).

Sasa tupige hesabu ya bunga yako. Kasumbalesa mpaka huku ni kama kilometa 90, tuseme kamio inakunywa lita 80 kwenda na kurudi, hiyo ni kilo 216. Leta ikikata dola 10 kwa tani ya hiyo hewa ya kaboni, kamio nzima inalipa dola 2 na senti 16, na kama imebeba tani 30 ni mifuko 1,200, gawanya mwenyewe, hata robo ya senti haifiki kwa mufuko. Ikikata dola 50 ni kama senti moja. Kwa hiyo muuzaji wa jumla akikuongezea franga 500 akasema ni juu ya kaboni, muangalie macho.

Lakini mutoto wa dada yako naye asicheke sana. Tufikiri mama wa salo ya kusuka, mwenye umeme inakatika kila siku na groupe yake inakunywa lita 5 za esansi. Kwa dola 50 analipa kama senti 57 kwa siku, mwezi wa siku 26 ni dola 15, na hiyo inauma. Kodi hii inafanya kazi pale mutu iko na njia ingine ya kugeukia. Sweden waliiweka 1991, lakini watu wengi kule wako na mabomba ya maji ya moto inapashia nyumba bila mazutu. Mama wa salo ageukie nini? Azime groupe afunge mulango?

Tena kuna hii ya feza kurudia nani, na mi naona ndio ugomvi wenyewe. British Columbia kule Canada walianza 2008, wakapunguza kodi ya mishahara ili feza irudie wananchi. Wewe Mama Bunga fishi ya mushahara unayo? Basi hiyo njia haikufikie. Ufaransa 2018 mafuta ilipanda, watu wa vijiji wenye hawana bisi wakavaa vizibao vya njano wakafunga barabara, serikali ikaacha kupandisha kodi ya kaboni ya 2019.

Na makala je, yenye sisi wote tunapikia? Pori inaisha kweli kweli, lakini nani atasimama pa njia kupima kila gunia ku baisikeli? Kodi itakamata mazutu juu mazutu inapita mupakani na ku pompe, pahali pa kukamatia ni rahisi, makala itapita pembeni. Hapo namuunga kaka yako mukono.

Akirudi toka Kasumbalesa, muombe ile karatasi anapewaka, mutoto wa dada yako asome kama imeandikwa ukubwa wa moteri ao lita za mazutu.