Maswali yenu: Ngozi ya maabara, papa na sato

Wiki mbili zilizopita niligusia kazi ya Ioannis Yannas, mzaliwa wa Athens aliyetengeneza ngozi ya bandia akiwa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Maswali yamemiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Hiyo ngozi imetengenezwa kwa nini? Isije ikawa nguruwe. (Msomaji, Unguja)

Si nguruwe. Tabaka la chini ni kolajeni ya kano za ng'ombe, iliyochanganywa na kiini kinachotolewa kwenye gegedu la papa. Juu yake kuna utando mwembamba wa silikoni. Lakini zipo bidhaa nyingine za vidonda zinazotokana na nguruwe, kwa hiyo muulize daktari kabla ya upasuaji. Si utovu wa adabu.

Uliandika kwamba aliipata kama kwa bahati. Bahati gani? (Mwalimu wa sekondari, Iringa)

Shikamoo mwalimu. Yannas na John Burke, daktari wa upasuaji wa Boston, walikuwa wanatafuta kifuniko cha kumsaidia aliyeungua: maji ya mwili yasipotee, vijidudu visiingie, kidonda kifunge upesi. Walipojaribu kwa wanyama, kifuniko kimoja kikafanya kinyume, kikachelewesha kidonda kufunga. Wengi wangekitupa.

Kidonda kikubwa hufunga kwa kingo zake kuvutana, kama mdomo wa mfuko unapokazwa kamba, kisha linabaki kovu. Ndiyo maana utamkuta mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto mkono umekunjika kiwikoni, haunyooki tena. Kile kifuniko kilizuia kuvutana huko. Kilikuwa kama sifongo yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Seli za mgonjwa zikaingia humo na kujenga upya ngozi ya ndani, ile ambayo mtu mzima akishaipoteza hairudi yenyewe, huku sifongo ikiyeyuka taratibu. Baada ya wiki mbili tatu silikoni hubanduliwa, na kipande chembamba sana cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe kinapandikizwa juu.

Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kati ya asilimia 50 na 95 ya mwili. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha 1996. Kasoro yake: haioti vinyweleo wala tezi za jasho. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, hilo si jambo dogo.

Na kama mtu hana tena ngozi ya kukata? (Muuguzi, Mombasa)

Hapo anaingia Howard Green, mtafiti wa seli wa Marekani. Mwaka 1975, yeye na James Rheinwald waliweza kuotesha seli za ngozi ya juu ya binadamu katika sahani, wakizilaza juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisizaliane. Kipande kidogo kama stempu, wiki tatu nne baadaye, kinatosha kufunika eneo kubwa la mwili. Mwaka 1983 watoto wawili wa Wyoming, wa miaka 5 na 6, waliungua zaidi ya asilimia 95. Walifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka kwao wenyewe, wakapona. Ila ngozi hiyo ni nyepesi na huchubuka ovyo, maana ya ndani haipo. Green alikuwa na paa, Yannas alikuwa na kuta.

Nimesikia ngozi ya sato inatibu majeraha ya moto. Kweli? (Mvuvi, Musoma)

Kweli, ndugu yangu, na ni sato yuleyule wako. Watafiti wa Fortaleza, Brazili, huisafisha ngozi yake, huua vijidudu vyake na kuibandika kwenye jeraha. Inashika vizuri, kwa hiyo bandeji haibadilishwi kila siku, na kubadilisha bandeji ndiko kunakoliza watu. Usiichukue ya jikoni, tafadhali.

Kuungua: dawa ya meno au asali? (Mama wa watatu, Morogoro)

Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.

Kidonda kiachwe kikauke? (Mwanafunzi, Kampala)

Hapana. Mwaka 1962, mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko kinachoachwa kifanye kigaga, takriban mara mbili.

Nina kisukari, kidonda cha unyayo kina wiki tatu, hakiumi. (Msomaji, Tanga)

Kutouma ndiyo hatari yenyewe. Nenda hospitali leo, usisubiri toleo lijalo.