Mnaoanza kusoma picha za familia za kifalme, anzeni na tarehe za vifo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye historia ya sanaa, picha za kifalme za watoto waliofariki wadogo mtakutana nazo mapema tu, na najua wengi mtakimbilia zile zenye mawingu na malaika kwa sababu pale msiba unajionyesha wenyewe. Mimi nasema hivi, kabla hujaandika neno hata moja kuhusu huzuni, tafuta tarehe. Kila mtoto alizaliwa lini, akafariki lini, picha ilimalizika lini. Inachosha, najua, ila bila hiyo unapotea mchana kweupe.

Chukueni ile ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, na watoto wake, kazi ya mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun ya 1787, ipo kwenye kasri la Versailles, Ufaransa. Malkia kakaa na gauni jekundu, mtoto mdogo mapajani, binti kamwegemea, na upande wa kulia mrithi wa kiti Louis-Joseph anaonyesha kitanda cha mtoto mchanga ambacho ni kitupu. Kitanda kile ni cha Sophie, alifariki Juni 1787, hata mwaka hakutimiza. Sasa Louis-Joseph naye akafariki Juni 1789 akiwa na miaka 7, na hapo ndipo wanafunzi wanateleza, wanaandika eti mchoraji alitabiri kifo chake kwa kile kidole. Hapana jamani, 1787 mtoto bado yuko hai, kidole kinamlilia mdogo wake basi. Hisia zako wewe unayejua yaliyofuata usimbebeshe mchoraji.

Na msidanganyike kwamba lazima mchague kati ya siasa na uchungu. Picha ile ilitengenezwa kumsafisha malkia, watu walikuwa wamemchoka kwa matumizi yake mpaka wakampa jina la Madame Déficit, yaani Bibi Nakisi, kwa hiyo akaonyeshwa kama mama. Lakini mchoraji mwenyewe aliandika baadaye kwamba Louis-Joseph alipofariki, malkia aliomba picha iondolewe kwa sababu hakuweza kuipita bila kulia. Vyote viwili ni kweli, viandike vyote viwili, na mimi hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma maana mama ni mama.

Halafu kuna familia ya George III wa Uingereza, hii ndiyo itakayowafundisha zaidi. Mwaka 1782 mchoraji Gainsborough alichora picha 15 za familia hiyo, kila mtu na yake, na mwanamfalme Alfred yumo wakati alishafariki Agosti mwaka huohuo, hajafikisha hata miaka 2. Umbo la picha yake ni lilelile la ndugu zake walio hai, mawingu hakuna, malaika hakuna, usipojua tarehe unapita tu. Mei 1783 kaka yake Octavius naye akafariki, miaka 4, na safari hii mchoraji Benjamin West akachora mbingu kabisa, Octavius analetwa na malaika na Alfred anampokea.

Hizi za familia ya George III zitafuteni kwenye tovuti ya Royal Collection, mkusanyo wa sanaa wa kifalme wa Uingereza, mzikuze, muanze na uso wa Alfred kwa Gainsborough, kisha wa Octavius kwa Gainsborough huyohuyo, ambaye alipochorwa pale alikuwa bado hai, ya West ifungueni mwisho.