Bodi na kompyuta hazielewani: maswali yenu

Swali: Programu yangu ya Python inafungua poti (njia ya mawasiliano kati ya kompyuta na bodi) kisha inatuma herufi ya kuwasha taa kwenye bodi ya Arduino Uno. Taa haiwaki. Nikiandika herufi hiyohiyo kwenye Serial Monitor, dirisha la mawasiliano la programu ya Arduino, inawaka. Nimekosea wapi?

Jibu: Una haraka tu. Kompyuta ikifungua poti, inashusha laini ya DTR (ishara kwamba kompyuta iko tayari), ambayo kwenye Uno imeunganishwa na pini ya RESET, ya kuwasha bodi upya, kupitia kapasita. Kwa hiyo bodi inajiwasha upya. Iliundwa hivyo makusudi, usilazimike kubonyeza kitufe kila unapopakia programu. Kisha butiloda, programu ndogo ya bodi inayopokea programu mpya, inasubiri kidogo ione kama kuna programu mpya inayoingia, ndipo yako inaanza. Herufi yako ilifika wakati huo, ikapotea. Kwenye Serial Monitor hukuliona tatizo kwa sababu vidole vyako havina kasi hiyo.

Wengi huweka time.sleep(2), yaani kusubiri sekunde mbili, baada ya kufungua poti. Inasaidia, ila mimi siipendi, ni kubahatisha. Afadhali bodi ianze kuzungumza: mwishoni mwa setup(), sehemu ya programu ya bodi inayoendeshwa mara moja mwanzoni, weka Serial.println("TAYARI"), na Python isitume chochote mpaka isome mstari huo. Usisahau timeout (kikomo cha muda wa kusubiri), la sivyo siku bodi isipojibu programu itaganda hapo. Na poti ifunguliwe mara moja tu, mwanzoni. Kuna watu wanaifungua na kuifunga kwa kila amri, halafu wanashangaa kihesabio cha bodi hakivuki moja!

Swali: Badala ya nyuzijoto naona alama za ajabu ajabu.

Jibu: Huenda kasi hazilingani: kwa mfano, bodi ina Serial.begin(115200), yaani biti 115200 kwa sekunde, kompyuta inasoma kwa 9600. Zikilingana na bado hali ni ileile, angalia kama umetumia Serial.write mahali pa Serial.print. Serial.write(65) hutuma baiti moja, nayo huonekana kama A, Serial.print(65) hutuma tarakimu 6 na 5.

Swali: Windows inakataa kufungua COM3, eti sina ruhusa. Kompyuta ni yangu!

Jibu: Funga Serial Monitor. Poti hushikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Kwa wenzetu wa Ubuntu, ruhusa ni ruhusa kweli: jiongeze kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti, utoke, uingie tena.

Swali: Taa ya bodi inawaka lakini poti haionekani.

Jibu: Badilisha kebo. Kebo nyingine za chaja zina nyaya za umeme tu, za data hazimo. Kebo ikiwa nzima, tazama chipu iliyo karibu na soketi ya USB. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia CH340, na huenda kompyuta yako haina draiva yake.

Swali: Nikishika kihisi cha joto, grafu inachelewa kupanda, na kadiri muda unavyokwenda inazidi kuchelewa.

Jibu: Bodi inatuma haraka kuliko unavyowahi kusoma. Kwa kasi ya 9600 zinaweza kupita baiti 960 kwa sekunde, kwani kila baiti hubeba biti 10 pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia. Huenda wewe unachora upya grafu kwa kila mstari, huku vipimo vinajipanga foleni kwenye kompyuta. Soma mistari yote iliyopo, chora mara moja. Kumbuka pia foleni ya kupokelea ya Uno ni baiti 64 tu: ukiweka delay(1000), yaani bodi isubiri sekunde moja, huku kompyuta inamimina amri, zinazozidi hapo hutaziona tena.