Nabii ni sawa, ila nani anaweza kumwambia hapana?

Mkuu umeuliza kama Mkristo wa leo bado anahitaji nabii aliye hai au Biblia inatosha, na ukasema mkeo anapeleka sadaka kila mwezi kwa nabii mmoja huko mjini, ukimuuliza anakujibu na Amosi 3:7, kwamba Bwana Mungu hatafanya neno lolote bila kuwafunulia watumishi wake manabii siri yake. Naona wengi wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja, hawa wanasema manabii waliishia kwa Yohana Mbatizaji, wale wanasema usiwaguse masihi wa Bwana, basi. Mi ntajibu kwa urefu kidogo maana hili jambo limepita nyumbani kwetu, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni. Unabii upo na kanisa linauhitaji. Ila mtu mmoja anayeitwa Nabii ambaye akishasema limeisha, hakuna wa kulipima neno lake, huyo simwoni kokote kwenye Agano Jipya na sioni kwa nini tumhitaji leo.

Nimekulia Kagera kwa Walutheri wa uamsho. Kwa wasioujua, huu ni ule uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, Gahini ndiko kunakotajwa sana, ukaingia Bukoba, ndiyo huo wenye ule wimbo wa Tukutendereza mnaousikia mpaka leo kwenye misiba na mikutano. Askofu Josiah Kibira aliokoka humo humo, baadaye akaja kuwa rais wa Walutheri wa dunia nzima 1977 mpaka 1984. Kitu nilichokuja kukithamini ukubwani ni kwamba uamsho ule haukuwa na nabii mkuu wa kukaa katikati. Walikuwa wakulima, waalimu, manesi, wanakutana jioni nyumbani kwa mtu, wanasoma neno, wanaungama mbele ya wenzao, na mtu akiwa amemwibia jirani anarudisha alichoiba.

Kwenye ushirika wetu kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye hakuna aliyemwita nabii hata siku moja, ila wote tulijua Bwana anampa maneno. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi, mambo ya kahawa. Siku moja jioni baada ya sala yule mama akamwambia baba, mbele ya wazee wawili na sio mbele ya mkutano mzima, ndugu naona una deni hujalisema na linakula amani yako. Hakutaja kiasi wala hakumtisha, akanyamaza tu. Baba akainama muda mrefu kisha akasema kweli, alichukua fedha ya wakulima kumsomesha kaka yetu akiamini atarudisha kabla ya hesabu. Wazee wakakaa naye wakapanga jinsi ya kulipa, tukauza ng'ombe, na yeye mwenyewe akaenda kuwaambia viongozi wa chama. Nyumbani tulikula kwa kubana msimu ule lakini baba alianza kulala usingizi. Kwa hiyo mtu akiniambia unabii ulikufa na mitume, namheshimu na najua anasoma Waebrania 1 kwamba mwisho wa siku hizi Mungu amesema na sisi katika Mwana, ila siwezi kukubaliana naye. Mwana amesema, ndiyo, wala hakuna wa kuongeza Injili nyingine. Na huyo huyo Mwana bado anawajua watu wake kwa majina na madeni yao.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa mama yule yule, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kuna kijana alipata kazi Mwanza, mama akasema amesikia moyoni kijana asiende. Wazee wakaliombea lile neno, wakamuuliza na kijana mwenyewe anaonaje, mwisho wakamwambia mama, hili hatulioni, kijana aende. Akaenda, akafanya kazi vizuri, akaoa huko huko. Baadaye mama alisimama kwenye ushirika akasema siku ile sikusikia vizuri, namwomba ndugu anisamehe, akakaa, na hakuna aliyeacha kumsikiliza siku nyingine. Hata Nathani alimwambia Daudi fanya yote yaliyo moyoni mwako kuhusu kujenga nyumba ya Bwana, usiku ule ule Mungu akamrudisha na neno tofauti, na akarudi kulisema. Paulo ameandika wazi 1 Wakorintho 14:29, manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Na kwa Wathesalonike, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Watu wananukuu nusu, anayependa manabii anaishia kwenye msitweze, asiyewapenda anaanzia kwenye jaribuni, wakati vyote viko sehemu moja na wa kujaribu ni kanisa.

Halafu ni Dar. Mdogo wangu wa kike aliolewa, miaka ikapita hapati mtoto, na nyie mnajua maneno ya watu yanavyomla mwanamke. Shoga yake akampeleka kwenye huduma ya nabii, jina silitaji. Nilimsindikiza mara ya kwanza. Mapokezi unajaza fomu, jina, namba ya simu, umetoka mkoa gani, una tatizo gani, umeolewa au la, halafu ukikaa kwenye foleni wahudumu wanapita wanakusalimia kwa upole sana wanakuuliza kinachokusumbua ili wakuombee. Jioni kwenye ibada nabii anamwita mtu kwa jina na kumtajia namba yake ya simu na watu wanalia kwa mshangao. Mdogo wangu aliambiwa kuna mama mtu mzima upande wa mume amefunga tumbo lake. Wakaanza na mafuta, yakaja maji, chumvi, kitambaa, sadaka ya kujiungamanisha na madhabahu, mbegu ya kumnyamazisha adui, na kila hatua ina bei yake. Kuonana na mtumishi uso kwa uso ilikuwa bei yake peke yake.

Hela inauma ila inatafutwa tena. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mama mkwe wake, mwanamke aliyekuwa anamtumia ndizi na maharage kutoka kijijini, alikatwa ghafla, simu hazipokelewi, akija mjini hafunguliwi mlango, bila hata kuambiwa kosa lake. Hospitali walipompima mdogo wangu, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, kitu kinachojulikana na kinachotibika, akafanyiwa upasuaji. Mpaka leo yeye na mama mkwe wanapeana salamu tu. Jiulize kwa nini huu ufunuo unamwangukia mwanamke mzee wa ukoo kila mara. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu mganga alipiga ramli akasema ndiye aliyeroga, wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Nabii anayesema maneno yale yale kwenye maiki anafanya kazi ya mganga wa ramli, hata kama Biblia iko wazi mbele yake.

Linganisha na nabii Agabo, Matendo 11. Anasimama anasema njaa kubwa inakuja. Wale wanafunzi wanafanya nini? Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake anachanga, na mchango unapelekwa kwa ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Agabo haonekani akipewa hata senti! Sura ya 21 anarudi, anajifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Ndugu wote wanalia wanamsihi Paulo asiende, Paulo anakwenda, na hakuna aliyemwambia amelaaniwa kwa kutomtii nabii. Na Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, unamkumbuka, Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma, Gehazi akamkimbilia kwa siri akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akarudi na ukoma. Wakristo wa mwanzo walilijua hili tatizo vizuri, kuna maandishi yao ya zamani sana yanaitwa Didache, humo wameelekeza kwamba nabii akija akaomba fedha ni wa uongo, na akisema kwa roho nipeni hela msimsikilize, isipokuwa kama anawaombea wahitaji wengine.

Mfano mwingine wa kupima, hapo jirani Rwanda, Kibeho. Wasichana wa shule walianza kusema wanamwona Bikira Maria Novemba 1981. Mi sio Mkatoliki na kuna mambo hapo siyapokei, ila naheshimu jinsi walivyofanya, waliunda tume, madaktari na wanateolojia wakawachunguza, na askofu alikuja kutoa tamko 2001, miaka 20 baadaye, akawakubali watatu tu kati ya wengi waliodai kuona. Na hata hapo Mkatoliki halazimishwi kuamini ili aokoke. Sisi walokole tunaona clip usiku mmoja kwenye simu na asubuhi tunauza kiwanja.

Na tusipopima tunazika. Februari 2020 Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, kuna watoto kati yao. 2023 pale Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wamefunga kula wakitegemea kukutana na Yesu. Hawa hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye kiu ya Mungu kuliko wengi wetu tunaobishana hapa, na hiyo kiu ilikosa wazee wa kusema ngoja kwanza.

Kwa hiyo kuhusu Amosi 3:7 ya mkeo, mwonyeshe Amosi mwenyewe sura ya 7, anasema hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu, na siri aliyofunuliwa ilihusu dhambi ya taifa zima, wanaouza maskini kwa jozi ya viatu, haikuhusu nani kamroga nani.

Usimfungie ndani na usimkejeli mbele ya watoto, atajificha na atazidi kutoa. Nenda naye. Kaa hadi mwisho wa ibada, halafu muulizane mkiwa njiani: huyu baba akikosea nani anamwambia? Kuna wazee wenye majina? Hesabu za sadaka anasomewa nani? Neno lisipotimia, anarudi madhabahuni kusema sikusikia vizuri? Usimjibie, mwache atafute majibu kwa wenzake wa huko. Kama kuna ugonjwa au suala la uzazi, nendeni hospitali wote wawili, na wewe mwanaume upimwe pia. Na kama kuna neno ameambiwa kuhusu mama yako au ndugu yako yeyote, hilo msilivushe wiki hii, zungumzeni, halafu mpigie huyo mtu simu mkiwa pamoja.

Ukishaenda rudi hapa utuambie ulichokuta, na kama unaona aibu kuliweka hadharani niandikie inbox.