Video za familia: ziko Tanga, zinatazamwa Muscat

Baba alipotangulia mbele ya haki alituachia sanduku lenye mikanda 31 ya VHS na bunda la DVD. Harusi, maulidi, sherehe za kumaliza shule, na dakika chache za bibi akikuna nazi uani huku akimfukuza mpiga video. Hiyo ndiyo sauti pekee ya bibi tuliyobaki nayo. Unyevu wa Tanga ulikwisha kuotesha ukungu kwenye baadhi ya mikanda, kwa hiyo nilitafuta deki nzima na kifaa cha kunasia video kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikakaa miezi minne nikiigeuza kuwa faili. Mkanda wa saa tatu unacheza saa tatu; hapo hakuna njia ya mkato. Na kama una mkanda wenye ukungu, usiutie kwenye deki kabla haujasafishwa, maana ukungu hubaki kwenye vichwa vya deki na kuchafua mikanda inayofuata.

Nilipomaliza yote ila mkanda mmoja nilikuwa na karibu GB 400. Dada yangu yuko Muscat, mdogo wetu yuko Uingereza, na wote walitaka kitu kimoja: washike simu jioni wamtazame bibi.

Nilianza na Jellyfin, programu ya bure inayoifanya kompyuta ya nyumbani kuwa maktaba ya video. Ndani ya nyumba inapendeza mno. Mama alikuwa akikaa mbele ya televisheni anachagua harusi anayoitaka kama anachagua kitambaa dukani. Shida ni kuifikia kutoka nje. Intaneti yetu ni ya mtandao wa simu, na mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wewe unatoka kwenda popote, lakini aliye nje hana mlango wa kukupigia hodi. Tailscale, programu inayoviunganisha vifaa vyenu kana kwamba viko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, inatatua hilo, nami niliitumia wiki kadhaa. Lakini umeme ukikatika kwetu Chumbageni, dada anabaki na skrini tupu kule Muscat, na kila anapotazama ni bando letu linaloliwa. Ndipo nikaamua nakala za kutazama zikae kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na faili za asili zibaki nyumbani.

Kabla ya kupakia chochote, piga hesabu. Kasi ya intaneti inahesabiwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwetu kasi ya kupakia ni kama megabiti 4 kwa sekunde, ingawa ya kupakua ni kubwa zaidi. GB 400 kwa kasi hiyo ni zaidi ya siku tisa, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Halafu fikiria bando.

Kwa hiyo nilizibana kwanza kwa programu ya HandBrake, nayo ni ya bure. Naitoa video kwa H.264, mtindo mmoja wa kubana video, ndani ya faili ya MP4, kwa sababu karibu kila simu na televisheni ya miaka hii inaicheza bila kuhangaika. H.265 hubana zaidi, lakini televisheni ya mama haikuitambua, na video isiyofunguka haina faida hata ikiwa ndogo namna gani. Weka alama kwenye kisanduku cha Web Optimized: kinahamishia faharasa ya video mwanzoni mwa faili ili ianze kucheza kabla haijashuka yote. Kwa mikanda ya zamani washa pia kichujio cha Deinterlace, la sivyo mtu akisogea utaona mistari kama meno ya kitana. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 1 kwa sekunde inakuwa kama GB 0.9. Mkanda wa VHS haukuwa na picha kali tangu mwanzo, hivyo kwenye simu sioni tofauti. Maktaba nzima ilishuka hadi GB 90, nikaipakia kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ikachukua wiki moja. Za asili usizifute. Kilichobanwa hakirudi kilivyokuwa.

Sasa lile lililonifanya niandike yote haya. Kupakia natumia rclone, programu inayozungumza na huduma nyingi za hifadhi, Google Drive ninayoitumia ikiwemo. Ina amri mbili zinazofanana kwa mbali: `copy` na `sync`. Ya kwanza inapeleka kilichopo kwako ambacho kule hakipo. Ya pili inalazimisha kule kufanane na kwako, yaani kisichokuwepo kwako kinafutwa na kule pia. Mimi niliweka `sync` ijiendeshe kila usiku. Usiku mmoja umeme ulikatika, kompyuta ikawaka tena, lakini diski ya nje yenye video haikujiunga. Folda ilikuwepo, ila tupu. Rclone ikaona tupu, ikaenda kufanya na kule kuwe tupu vilevile. Asubuhi dada akanipigia: "Kaka, mbona hakuna kitu?"

Mikono ilinitetemeka, sitaficha. Kilichoniokoa ni kwamba rclone inapofuta kwenye Google Drive hupeleka faili kwenye pipa la taka, na humo hukaa siku 30 kabla ya kufutika kabisa. Nilirudisha zote siku ileile. Hifadhi nyingine hazina pipa, kwa hiyo usitegemee bahati yangu. Tangu siku hiyo natumia `copy` peke yake. Nikilazimika kutumia `sync`, naitanguliza na `--dry-run`, inayoonyesha kitakachofutwa bila kufuta, nami nasoma orodha yote. Tena, wingu linalosawazishwa si akiba. Kosa la nyumbani linafika kule kwa dakika chache. Za asili sasa ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa binamu yangu Pongwe.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni nani ataona. Kwetu pwani harusi ina shughuli za wanawake watupu, na mle wanawake wamevua mabuibui, wanacheza, wanaimba wanavyotaka kwa kuwa hakuna mwanamume. Walikubali kurekodiwa kwa imani hiyo. Video hizo nilimwachia mke wangu azinase na kuzipanga, ziko kwenye folda yake, na zimeshirikiwa kwa barua pepe za wanawake wa ukoo mmoja mmoja. Kamwe usitumie kiungo kinachofunguliwa na kila aliye nacho. Kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, huna tena mamlaka nacho.

Kuhusu nafasi: zile GB 15 za bure za Google zinagawanywa na barua pepe na picha zako, na zikijaa hata barua pepe haziingii. Tulifungua akaunti ya familia peke yake, dada analipia kwa kadi yake, mimi na mdogo wetu tunamrudishia kila baada ya miezi mitatu. Akaunti isiyoguswa miaka miwili Google inaweza kuifuta, kwa hiyo tumekubaliana nenosiri lijulikane na watu wawili.

Umebaki mkanda mmoja, uliokuwa umeota ukungu kuliko yote, wa maulidi ya mwaka 1993. Fundi ameshausafisha. Nitaunasa Ijumaa baada ya swala, mama akiwa amekaa karibu, maana yeye ndiye aliyebaki anayewajua watu waliomo. Anayataja majina, nami nayaandika kwenye faili ya maandishi, naiweka folda moja na video.